Baba mdogo kapotea, mama katoka: mita ya mwanga ya kamera yangu FTb imekufa?

MtotoWaMalindi
Wakuu, naombeni msaada. Nina kamera ya Canon FTb ya marehemu babu, natumia filamu ya Ilford HP5, ASA (wepesi wa filamu kwa mwanga) 400. Idi asubuhi tulikaa barazani kwetu Malindi, Unguja, upande wa kivuli. Baba mdogo kavaa kanzu nyeupe. Nikalinganisha mshale wa mita, ikaja 1/500 ya sekunde kwa tundu la f/11. Dakika tano baadaye mama kakaa palepale na buibui lake: 1/125 kwa f/5.6. Kivuli kilekile, hata wingu halikupita. Filamu imesafishwa, negativu ya baba mdogo nyepesi mno, uso hauna kitu kabisa. Ya mama nzito kidogo lakini inachapika. Fundi anataka 80,000 abadilishe mita. Nimpe?

StudioYaZamani
Usimpe hata mia. Mita inajua jambo moja tu: kila kilicho mbele yake ni kijivu. Kanzu nayo ikataka iwe kijivu, ikabana mwanga. Buibui likaonekana giza, ikafungua. Hapo umepishana stopu nne (kila stopu ni mwanga maradufu au nusu yake) kwa sababu ya nguo tu! Tena FTb haisomi picha nzima, inasoma kile kistatili cha katikati unachokiona ukichungulia, kama asilimia 12, kwa hiyo nguo iliyokaa hapo ndiyo inayoamua.

Sisi tulikuwa tunapima kiganja. Nyoosha mkono ndani ya kivuli walichokaa wao, kiganja kitazame kamera, kijaze kistatili (kikiwa na ukungu si neno). Soma, kisha fungua stopu moja, maana viganja vya watu karibu wote vinang'aa kuliko kijivu cha mita. Baada ya hapo usiguse kitu mpaka jua lihame. Wifi akija na kanga nyekundu, mshale uache ulalamike.

Betri675
Mzee kasema kweli, ila umeweka betri gani? FTb iliundiwa betri ya zebaki ya volti 1.35, na hizo haziuzwi tena. Ukitia alkalini ya 1.5, mita hudhani mwanga ni mwingi. Halafu volti zinashuka kadiri unavyoitumia, kwa hiyo kosa la leo silo la mwezi ujao. Mimi natia betri za vifaa vya kusikia, namba 675, volti zake zinakaribia zile za zebaki, nazizungushia kipete cha mpira zisicheze. Ukishabandua stika zinadumu wiki chache tu, nunua pakiti.

MtotoWaMalindi
Mzee, shikamoo. Nimefungua, ni alkalini kweli. Nikapima kiganja barazani saa nne: 1/500 kwa f/8. Nikatia 675, kiganja kilekile: 1/250 kwa f/8. Stopu nzima ilikuwa inaliwa na betri! Nikashuka hadi 1/125 nikaacha hapo. Baba mdogo kagoma kuvaa kanzu siku ya kazi, basi nimempiga mama na buibui lake, kampakata paka wetu mweupe. Filamu imerudi leo. Manyoya ya paka yanahesabika, na mikunjo ya buibui naiona.

StudioYaZamani
Marahaba. Sasa mpige huyo paka juani.