Karantini ya lazima: aliyefungiwa ndiye alipe?

Ndugu zangu, kuna hoja inayokubalika upesi mno kila tunapozungumzia Uviko: kwamba aliyerudi kutoka ng'ambo mwaka 2020 alijua hatari, kwa hiyo ilikuwa haki ajilipie karantini. Mimi naikataa.

Kumbukeni ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa Machi 13. Kabla mwezi haujaisha, abiria wakishuka Nairobi walipelekwa hotelini au kwenye mabweni ya serikali, siku 14, kwa pesa zao. Aliyechagua hoteli ya kifahari alipe, sibishi. Lakini wa bwenini? Mwenzake akipatikana na virusi, siku zilianza kuhesabiwa upya na bili ikapanda, ilhali yeye hajakosa lolote. Wapo waliopimwa wakaonekana wazima, bado wakazuiwa kutoka mpaka walipe. Hapo mtu amewekwa rehani, si karantini.

Na sheria ilikuwepo! Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ni ya tangu 1921. Kifungu cha 27 kinaruhusu aliyekaribiana na ugonjwa atengwe kwa amri ya hakimu, kwa gharama ya serikali ya mtaa. Hata mkoloni hakumwandikia bili aliyefungiwa.

Tulikuwa tumeonywa pia. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walifungwa gerezani Kapsabet, amri ikiwa miezi minane, kwa kuacha dawa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema kuwatia jela kwa kifungu hichohicho ni kuvunja Katiba. Miaka minne baadaye, waliovunja kafyu wakapelekwa karantini kama adhabu, wakachanganywa na watu waliokuwa wakingoja majibu ya vipimo. Hii inamkinga nani?

Mtasema bila ukali watu wangetoroka. Walitoroka na ukali ukiwepo. Aprili tuliwaona wakiruka ukuta. Anayekohoa akijua kituoni kuna bili, atanyamaza nyumbani na watoto wake. Mwezi Mei Mutahi Kagwe, aliyekuwa waziri wa afya wakati huo, alitangaza kwamba serikali itagharamia vituo vyake, na ningependa kusikia kwa nini hilo halikuwezekana Machi.

Anayeona nimekosea anijibu hili: janga jingine likija, mtu afungiwe bila amri ya maandishi, bila kujua siku zake, bila pa kukata rufaa?