Takwimu za sensa kuhusu Kiingereza London: nizisomeje ili kupanga wakalimani wa kliniki?

Mpangaji
Wakuu, habarini. Napanga huduma ya ukalimani kwa kliniki ya wajawazito mashariki mwa London. Nimepakua jedwali TS029 la sensa ya 2021, linaloonyesha watu wanaongea Kiingereza kwa kiwango gani. Nimekwama hapa: nihesabu nani kuwa mhitaji wa mkalimani, wasioweza kabisa peke yao au pamoja na waliojibu "si vizuri"? Halafu asilimia yangu na ya mwenzangu zimepishana mno, na jedwali ni lile lile. Na je, takwimu hizi zinatosha kuamua barua zitafsiriwe kwa lugha zipi?

Bin Hesabu
Asilimia kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Sensa ilimuuliza kila mwenye miaka 3 na zaidi lugha yake kuu. Aliyetaja Kiingereza hakuulizwa anakiongea vipi. Waliobaki ndio waliochagua: vizuri sana, vizuri, si vizuri, au hawezi kabisa. Kwa hiyo una vigawanyo viwili. Chukua England na Wales nzima: wasiokiongea vizuri walikuwa kama 880,000, wasioweza kabisa kama 161,000. Ukigawa kwa watu wote unapata karibu asilimia 1.8. Ukigawa kwa watu wapatao milioni 5.1 ambao lugha yao kuu ni nyingine, unapata kama asilimia 20. Zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti. Andika kigawanyo juu ya jedwali lako, na usitumie idadi ya wakazi yenye watoto wa chini ya miaka 3.

Ukiona jumla za majedwali mawili zimepishana kwa watu wawili watatu, usihangaike. ONS, ofisi ya taifa ya takwimu iliyoendesha sensa hiyo, hubadilisha kidogo tarakimu ili mtu asitambulike. Madhara yake yanaonekana zaidi kwenye maeneo madogo, kwa hiyo fanya kazi kwa kata au zaidi, si kwa mtaa mmoja mmoja.

Mama Lugha
Mpangaji, jumlisha yale makundi mawili ya chini, kisha ujue kuwa huo ni mwanzo tu. Watu walijipima wenyewe, na mara nyingi fomu hujazwa na mmoja kwa niaba ya nyumba nzima. "Vizuri" ya dukani haitoshi kwenye chumba cha uchunguzi. Mkunga akiuliza *Have your waters broken?*, mama anaweza kulijua kila neno na bado asijue kwamba anaulizwa kama chupa imepasuka. Neno *discharge* ni baya zaidi: ni uchafu unaotoka ukeni, na pia ni kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mama anayelijua kwa maana ya pili pekee atajibu "bado", na dalili ya maambukizi itapita hivi hivi.

Kwa hiyo usimwulize "unaelewa Kiingereza?", atasema ndiyo kwa heshima. Mwambie aeleze kwa maneno yake atafanya nini akiona damu. Akishindwa, mwite mkalimani, hata kama faili linasema anaongea vizuri.

Tazama pia TS025, la lugha ndani ya kaya. Lina kundi la nyumba ambazo hakuna mtu mzima mwenye Kiingereza kama lugha kuu, ila yupo mtoto wa miaka 3 hadi 15 ambaye lugha yake kuu ni Kiingereza. Hizo ndizo nyumba ambazo mtoto anaweza kuletwa kliniki amtafsirie mama yake habari za mimba. Msikubali hata siku moja. Na kwa kuwa wateja wako ni wanawake wa umri wa kuzaa, tumia kifaa cha ONS cha kujitengenezea jedwali uchuje kwa jinsia na umri, kwani wastani wa wote huwaficha.

Karani wa Kata
Kuhusu barua: hapana, hazitoshi. Sensa iliuliza kuongea tu, haikuuliza kusoma. Mfano wa huko huko mashariki: sensa imeweka Kibengali, Kisylheti na Kichatgaya kundi moja. Mama anayeongea Kisylheti anahitaji mkalimani wa Kisylheti, lakini barua kwa kawaida huandikwa kwa Kibengali sanifu, ambacho huenda hakisomi. Kipunjabi kina hati mbili, Gurmukhi na Shahmukhi. Kiswahili chetu nacho ni hivyo hivyo: anayekiongea cha mashariki mwa Kongo anaweza kupotezana na mkalimani wa Unguja, hasa kwenye maneno ya mwili.

Kwenye usajili wekeni nafasi tatu zisizochanganywa: lugha anayoongea (pamoja na lahaja au alikotoka), lugha anayosoma kama anasoma, na kama anahitaji mkalimani. Asiyesoma apigiwe simu au atumiwe ujumbe wa sauti.

Mpangaji
Asanteni sana. Na hili la data kuwa ya 2021, nalo lina uzito?

Bin Hesabu
Lina uzito. London watu huhama sana, na siku ya sensa, Machi 21, bado kulikuwa na vizuizi vya korona. Tumia sensa kujua ni lugha gani huzioni kabisa kliniki ingawa zipo mtaani. Kwa saa za wakalimani, hesabu miadi ya miezi 12 iliyopita iliyohitaji mkalimani, na uipe kila moja muda maradufu. Lugha iliyo kwenye sensa lakini haina miadi hata mmoja, ifuatilie kabla hujaifuta.