Signal, WhatsApp au Telegram kwa kuongea na chanzo cha habari? Tupeane uzoefu

KalamuYaTemeke
Wakuu, habari za jioni. Ni mwandishi wa kujitegemea hapa Dar. Kuna karani wa ofisi fulani ananipa habari kuhusu malipo ya mradi, na mpaka leo tunaongea WhatsApp ya kawaida tu. Juzi kanitumia picha ya hati, nikaganda. Simu hii hii wiki iliyopita niliiacha kwa fundi Kariakoo abadilishe kioo, akaniuliza namba ya siri, nikamtajia kwa mdomo wangu mwenyewe, nikaenda zangu kunywa chai. Sasa tuhamie wapi? Telegram wengi wananiambia ndiyo kiboko. Signal naisikia tu. Na tafadhali asije mtu hapa na "kama huna baya unaogopa nini".

Msimbo255
Telegram itoe kwanza. Mazungumzo yake ya kawaida hayafumbwi mwisho hadi mwisho, yaani yasomwe na wewe na unayeongea naye tu; yanakaa kwenye kompyuta zao. Kinachofumbwa ni yale ya siri tu, ambayo lazima uyafungue mwenyewe, ya watu wawili, na kwenye makundi hayapo kabisa. Halafu tangu Septemba 2024, mwezi mmoja baada ya mwanzilishi wake, Durov, kukamatwa Ufaransa, walibadili masharti: serikali ikileta ombi halali kuhusu mtu aliyevunja kanuni zao, wanaweza kutoa namba yake ya simu na anwani yake ya intaneti.

WhatsApp na Signal zinatumia ufumbaji wa aina moja. WhatsApp waliuchukua kwa Signal wakamaliza kuuweka 2016, kwa hiyo maneno yenyewe yako salama kote kuwili. Tofauti iko kwenye kinachobaki pembeni: nani kaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi. WhatsApp ni ya Meta, wenye Facebook, na inavijua hivyo. Signal mwaka 2016 walipelekewa hati ya mahakama kule Virginia, Marekani, wakatoa walichokuwa nacho: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipoingia mtandaoni. Basi. Tangu 2024 unaweza hata kuficha namba yako ukatumia jina. Kwangu mimi Signal, mjadala umefungwa.

BintiTafiti
Haujafungwa, kaka. Mimi nahoji watu Vingunguti na Buguruni kwa ajili ya utafiti wa chuo. Mtu ana bando la WhatsApp tu, unamwambia aweke Signal, anaiweka kwa ajili yako, na wewe ndiye mtu pekee unayeonekana humo ndani. Mumewe au bosi wake akishika simu anauliza, "Hii ya bluu ni ya nini?" Hapo umemlinda au umemchongea? Mimi nabaki WhatsApp: jumbe zinazojifuta ndani ya saa 24, namba ya siri ya tarakimu sita ili mtu akirudisha laini yangu kwa wakala asiingie, na bakapu, ile nakala ya akiba ya mazungumzo, imefumbwa. Hiyo bakapu ndiyo watu wanasahau. Inayokwenda Google Drive haifumbwi mpaka uwashe mwenyewe kwenye mipangilio.

Msimbo255
Hoja ya bando naikubali. Ila mwambie na yeye awashe hiyo bakapu. Yako ikifumbwa na yake ikawa wazi, mazungumzo ni yale yale.

ChaiMaharage
Mnajisumbua. Nunua kiswaswadu, laini mpya, pigeni simu za kawaida. Hakuna programu, hakuna udukuzi.

BintiTafiti
Hiyo laini mpya umesajili kwa kidole cha nani? 😂 Namba ya NIDA na alama za vidole ndiyo wewe huyo. Na SMS na simu za kawaida kampuni ya simu inaziona zilivyo. Katika zote mlizotaja, hiyo ndiyo ya mwisho kwa usalama.

MhaririMstaafu
Wanangu, mnabishana kuhusu mlango wakati dirisha liko wazi. Mwaka 2017 kule Marekani, mfanyakazi mmoja wa mkandarasi wa usalama, Reality Winner, alipeleka hati ya siri kwa chombo cha habari cha The Intercept. Waandishi walipoionyesha kwa maofisa ili kuhakiki, wachunguzi waliona mikunjo, wakajua ilichapwa kwenye karatasi ikatolewa nje. Wakatazama kumbukumbu za nani aliichapa. Watu sita. Mmoja wao alikuwa amewahi kukiandikia barua pepe chombo kile kutoka kompyuta ya ofisini. Alifungwa miaka mitano na miezi mitatu. Hakuna aliyedukua chochote hapo, walihesabu tu.

Kwa hiyo, KalamuYaTemeke, kabla ya kuniuliza Signal au WhatsApp, muulize huyo karani: hati hiyo wanayo wangapi?

KalamuYaTemeke
Shikamoo mzee. Hilo sikuliwaza kabisa. Namuuliza.

DadaSteshenari
Mimi nina steshenari karibu na chuo, ngoja niwachekeshe. Kila siku mtu anafungua WhatsApp Web kwenye kompyuta yangu achape kazi, anachapa, analipa, anaondoka. Jioni nakuta akaunti tatu ziko wazi, meseji zinaingia. Mimi nazitoa. Mwingine je? Fungueni "vifaa vilivyounganishwa" kwenye simu zenu sasa hivi, mtashangaa.

BintiTafiti
Nimefungua. Kuna kompyuta ya Mwenge tangu mwezi wa tatu. Mungu wangu.

Pwani_Mkavu
Na VPN je, hizi programu za kupitisha intaneti yako kwenye kompyuta za kampuni nyingine? Tangu X (zamani Twitter) ifungwe hapa nchini Mei 2025 kila mtu anayo.

Msimbo255
VPN inaficha kwa kampuni ya simu tovuti unazofungua, na mwenye VPN anaziona yeye. Fundi wa Kariakoo haimzuii. Kumbuka pia tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023 la kutaka watumiaji waitolee taarifa, ujue unasimama wapi. Kuhusu fundi: hamisha vitu, futa simu yote, ndipo umpe. Kioo hakihitaji namba ya siri, akitaka kujaribu mguso fungua wewe ukiwa umesimama pale.

KalamuYaTemeke
Nimerudi. Signal imeshindikana, simu yake imejaa, picha za harusi ya dada yake zimemaliza nafasi. Tumewasha jumbe za kujifuta, na bakapu tumezima pande zote mbili. Kuhusu swali la mzee: hati wanayo watu wawili, yeye na mkuu wake wa kitengo.

Picha siichapishi. Natafuta takwimu zile zile sehemu nyingine ambako watu wengi wangeweza kuziona.

MhaririMstaafu
Marahaba. Ile picha iko wapi sasa hivi?

KalamuYaTemeke
Kwenye gala... ngoja.