Nimedhalilishwa barazani kwa sababu ya Vespa, na mada ilikuwa Lillard

Assalaam alaykum. Ninaandika haya kahawa haijapoa tumboni, na yule bwana sina haja ya kumtaja, kwani kila aliyewahi kukaa barazani pale baada ya Isha anamjua. Hata paka wa Darajani wanamjua.

Nilikuwa ninaeleza kwa utulivu kwamba nyota akishaomba kuhama thamani yake hushuka, kwa kuwa kila mnunuzi anajua muuzaji amebanwa, mfano wa mvuvi aliyebaki na jodari saa nane mchana na barafu imemwishia. Nikamtaja Damian Lillard, nyota wa mpira wa kikapu wa NBA, ligi ya Marekani, aliyeomba kuondoka timu ya Portland Julai 2023 akiitaka Miami, na Septemba akajikuta Milwaukee. Ndipo yule bwana akaweka kikombe chini, akangoja watu wote wanyamaze, akasema: "Wewe Vespa yako umeitangaza mwaka mzima haina mteja, leo unamtia bei Lillard?"

Mwaka mzima! Ni miezi kumi na moja. Muuza kahawa alicheka hadi akamwagia mtu mguuni, na sina shaka kicheko kile kilifika Chumbe. Tangu nirudi nyumbani, kila nikimega mkate ninasikia "Vespa yako". Kunipinga ni haki yake, lakini kule kungoja watu wanyamaze kwanza ndiko kulikonichoma.

Mla Urojo: Pole sana, ndugu yangu. Hata hivyo, Kevin Durant aliomba kuondoka Brooklyn Juni 2022, na Februari 2023 Phoenix, ili kumpata, wakatoa wachezaji Mikal Bridges na Cameron Johnson pamoja na haki nne za kuchagua chipukizi raundi ya kwanza ya uteuzi wa NBA wa kila mwaka. Huyo ni jodari wa saa nane kweli? Na Vespa ni ya rangi gani?

Mwenye uzi: Durant alikuwa na mkataba wa miaka minne, kwa hiyo Brooklyn waliweza kukataa na kungoja. Jodari wao alikuwa na friji. Vespa tuiache.

Shamba Boy: Vespa nayo imengoja, lakini haikupata friji.

Kashata: Katika uteuzi wa chipukizi wa mwaka 2009 Memphis walimchukua Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet wa pili, James Harden akafuata wa tatu. Harden amelazimisha kuondoka Houston, kisha Philadelphia, na kote alipata mnunuzi. Yule bwana ana ulimi mbaya, lakini hoja anayo.

Mpemba wa Wete: Nyinyi mnamlilia Lillard, ilhali mfungaji wa timu yetu ya mtaani ameomba kuhama Ijumaa, akaondoka na mpira, pampu na jezi yangu, na tulichopewa badala yake ni kapu la mabungo.

Mla Urojo: Kama mabungo yameiva, nyinyi ndio mliofaidika.

Mwenye uzi: Ninaomba turudi kwenye mada.

Kashata: Wa Wete, hiyo pampu ni yangu, niliwaazima tangu Shaabani.