Mikutano ya kuacha pombe: mtu wa Pemba aanzie wapi?

Mgogoni_Kwetu: Assalaam alaykum wanajamvi. Mdogo wangu anakunywa kila siku, tembo asubuhi, pombe kali usiku. Safari hii mwenyewe ndiye anayesema kachoka, anataka kuacha. Nasikia ipo mikutano ya walevi wanaosaidiana. Ataipata Pemba au mpaka avuke Unguja? Na akifika hufanywa nini? Hataki mtaa mzima ujue.

BiMkubwaChake: Waalaykum salaam mwanangu. Kabla ya mkutano, spitali. Mnywaji wa kila siku asikate ghafla akajifungia chumbani. Kutetemeka mikono, jasho, kutapika na kukosa usingizi huanza baina ya saa 6 na 24 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Kifafa huweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuweweseka, homa na moyo kwenda mbio huja zaidi siku ya pili hadi ya nne, na hilo linaua. Nyumbani wakimwona anazungumza na ukuta husema kapagawa, wakamkimbiza kwa mganga, na saa za kumwokoa ndizo zinazopotea hapo.

Aende spitali ya Chake au Wete aseme ukweli: anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho saa ngapi, aliwahi kuanguka kifafa au la. Kuna dawa za kumshusha pole pole, na vitamini B1, ambayo walevi wa muda mrefu huwa imewapungukia. Valiamu, dawa ya kutuliza, ya kununua wenyewe msimpe. Ikikutana na pombe pumzi inaweza kukata.

Kibandamaiti77: Kwa mikutano sasa. Unguja utaikuta zaidi ndani ya nyumba za upataji nafuu, wenyewe wanaziita soba. Nyingi zilifunguliwa kwa ajili ya vijana wa unga, yaani heroini, lakini hatua 12 wanazozifuata, mpango wa kuacha ulevi hatua kwa hatua, asili yake ni chama cha walevi wa pombe, Alcoholics Anonymous (AA), kilichoanza Marekani mwaka 1935. Kwa hiyo wa pombe hapotei njia pale.

Ila usimpeleke kichwa kichwa. Piga simu kwanza uulize: wa pombe anapokewa? Asiyelala pale anaruhusiwa kuja mkutanoni tu akarudi? Mkutano ni wa wazi, ambao ndugu naye anaweza kukaa, au wa ndani, wa wenye tatizo peke yao? Siku na saa? Ramadhani uliza upya. Pa kuanzia kuulizia ni spitali ya wagonjwa wa akili Kidongo Chekundu. Mtu akikutajia dozi ya methadoni, hiyo ni dawa ya kuwatibu wa heroini, kwa pombe haina kazi.

Mgogoni_Kwetu: Ahsanteni sana. Akiingia lazima aseme mbele za watu? Na kulipa je?

Mtulivu_Mkoani: Halazimishwi. Mkutano kwa kawaida ni saa moja mpaka moja na nusu. Hufunguliwa kwa dua fupi ya kuomba utulivu, kisha husomwa hatua, kisha kila mtu huzungumza dakika chache. Anataja jina lake la kwanza tu, na akitaka atasema "leo nasikiliza" zamu ikapita. Mwenzako akizungumza humkatizi wala humpi nasaha. Hilo huwashinda wageni kuliko yote, maana sisi kwa kunasihi hatujambo!

Mkutano wenyewe hauna kiingilio. Kapu likipita, mwenye nacho hutia. Kulala soba ndiko kunakolipiwa, basi msichanganye bei hizo.

Kosa la wengi ni kutoka mbio dua ya mwisho ikiisha. Zile dakika kumi za viatu barazani ndipo namba zinapobadilishwa na ndipo atakapompata msimamizi: mwanamume mwenzake, aliyekaa muda mrefu bila kunywa, wa kumpigia kabla hajanunua chupa. Akishakunywa simu haifai kitu. Na akiogopa habari za dini, hatua zenyewe zinasema Mungu kama kila mmoja anavyomfahamu. Sala zake zitabaki zile zile.

Kibandamaiti77: Akirudi Pemba asikose wa kukaa naye. Kwa desturi ya chama kile, walevi wawili watatu wakikutana kwa nia ya kuacha, hilo ni kundi tayari. Wanahitaji chumba, siku moja isiyobadilika, na karatasi ya hatua 12. Mwombeni mhudumu wa afya ya akili awaelekeze wagonjwa wake huko. Afisini kwa sheha msikutane, atakayeingia ataulizwa shida yake. Na msifungue kundi la WhatsApp: namba za wote huonekana, na Pemba hii mtu hujulikana kwa namba. Tumianeni ujumbe mmoja mmoja.

BiMkubwaChake: Nauli ya boti nayo usimtie mkononi. Kata tiketi wewe, na awepo mtu wa kumpokea Malindi.

Mgogoni_Kwetu: Sawa Bi Mkubwa. Kesho asubuhi nampeleka spitali ya Wete kwanza.

BiMkubwaChake: Usiku huu asilale peke yake. Na asubuhi ikiwa keshaanza kutetemeka, msingoje daladala.