Tupeane uzoefu: riadha shule ya kata, ulikimbia nini na ulivaa nini?

Wakuu, tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo mwaka 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu, uwanja wetu wa shule haunitoki kichwani. Naanza mimi, nanyi mshushe ya kwenu.

Mwalimu wetu wa michezo (huyohuyo wa Jiografia, huyohuyo mtunza stoo) hakuwa na hadithi nyingine ila ya Filbert Bayi. Kila tukitoka mchakamchaka ni Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, 1974: Bayi kaongoza mita 1500 tangu bastola ilie, hakuna aliyempita, kamaliza kwa 3:32.2, rekodi ya dunia. Basi UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ngazi ya wilaya nikaambiwa, "Kimbia kama Bayi." Nikachomoka. Mzunguko wa kwanza niko peke yangu, uwanja mzima unashangilia. Wa pili bado naongoza. Wa tatu miguu ikagoma. Wakanipita saba, mmoja akasema "pole kaka" huku anapita. Hiyo pole inaniuma hadi leo.

Wa pili: Hahaa, pole kaka! Sisi tulikimbilia kwenye uwanja wa mpira, mzunguko haufiki hata mita 300. Chokaa ya kununua hakuna, njia tulichora kwa majivu ya jikoni. Ikinyesha usiku, asubuhi mnaanza upya na toroli. Kijiti cha kupokezana kilikuwa kipande cha mpini wa jembe. Mkoani nikapewa kijiti chenyewe, chepesi kama karatasi, kikaniponyoka. Kwenye Fuso la kurudi hakuna aliyenisemesha.

Wa tatu: Dada yenu nilikuwa mtupa tufe. Shule haikuwa na tufe, tulikuwa na jiwe la mtoni, upande mmoja limechongoka, likikaa vibaya linakuchana shingo. Miaka miwili narusha jiwe. Siku ya wilaya nikakabidhiwa tufe la chuma, la duara, linateleza vizuri kiganjani. Nikarusha, mwamuzi akaruka pembeni na futi yake. Nikaenda mkoa. Mama alikuwa amekataa bukta kabisa, kwa hiyo nilirusha na sketi ya shule.

Wa nne: Mimi sina medali, nina hasira. Enzi za michango, kabla ya elimu bila ada ya 2016, tulilipa hela ya michezo kila mwaka. Raba za shule zilikuwa jozi moja, namba 43. Mguu wangu 39. Wa mita 800 akimaliza anazivua, wa 1500 anazivaa zikiwa na joto. Nikaona bora nikimbie peku.

Mwanzisha mada: Dada wa tufe, lile jiwe liliishia wapi?

Wa tatu: Lipo. Mwaka jana nilipita pale, wanazuilia mlango wa stoo.