Uwanja umemegwa na getini ni vya kukaanga: tuwasaidieje watoto wa shule za serikali?

Mzazi wa Mbagala

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali huku Temeke, na ninaomba ushauri juu ya jambo linaloninyima usingizi. Wanafunzi wetu ni wengi hata wanaingia kwa zamu mbili, uwanja wa mpira umemegwa ili kujenga madarasa, na kipindi cha michezo cha darasa la nne na la saba kimegeuzwa kuwa cha masomo ya ziada. Wiki iliyopita nilisimama getini wakati wa mapumziko nikamwona binti wa darasa la tatu akinunua mihogo ya kukaanga ya shilingi 200, akaimwagia chachandu, kisha akashushia na barafu ya rangi nyekundu. Nilipomuuliza, aliniambia kwamba hakuwa ametia kitu kinywani tangu alipoamka. Wapo wajumbe wanaotaka kina mama wauzaji wafukuzwe. Siafiki, kwa kuwa wengi wao ni wazazi wa watoto haohao, ila sina pendekezo mbadala. Wenzetu mmefanyaje?

Mwalimu wa michezo, Ilala

Mzazi mwenzangu, anzeni na mchakamchaka. Sisi tuliurudisha kabla ya paredi, robo saa tu, watoto wakizunguka majengo huku wakiimba, na wa zamu ya mchana hufanya vivyo hivyo kabla ya kuingia darasani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, kwa hiyo robo saa haitoshi, lakini ukijumlisha na mwendo wa miguu wa kwenda na kurudi nyumbani, pamoja na rede na kuruka kamba wakati wa mapumziko, pengo linapungua sana. Rede haihitaji uwanja. Inahitaji mpira wa soksi na upenyo kati ya madarasa mawili.

Niseme na jambo linaloniuma kama mwalimu. Shule nyingi huamka msimu wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, ukikaribia, zikachagua watoto wachache wenye mbio au wanaojua netiboli, wakanolewa kwa ajili ya mashindano ya kata na wilaya, na mamia waliobaki wakageuzwa watazamaji. Mtoto mnene, au yule mwenye aibu, ndiye anayehitaji kipindi kile kuliko mwenzake aliyechaguliwa. Kamati ikidai kipindi kirudi kwenye ratiba, idai kirudi kwa wote.

Afisa lishe mstaafu

Ninaunga mkono kutowafukuza wauzaji. Wakiondoka getini watahamia kona ya pili, na huko hakuna wa kuwasimamia. Kaeni nao mkubaliane kipi kiuzwe. Kuhusu soda, hesabu ni hii: sukari, ukiacha ile iliyomo ndani ya matunda yenyewe na maziwa, haipaswi kuzidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600, hiyo ni gramu 40, na chupa moja ya mililita 300 huwa na gramu 30 hivi.

Hata hivyo, binti uliyemweleza shida yake ya kwanza ni njaa. Elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 haikuondoa wajibu wa wazazi kuchangia chakula cha watoto wa kutwa, na hapo ndipo shule nyingi za mjini zinapokwama. Anzeni na uji wa dona asubuhi, na mkiweza, makande mara mbili kwa wiki. Mkigawa makande, mpeni kila mtoto kipande cha chungwa, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Asiyechangiwa asinyimwe bakuli.

Mama wa Tandika

Mimi nauza getini, naomba nisikilizwe. Nilikuwa nakaanga tu, hadi mwalimu mkuu aliponiomba nilete viazi vitamu vya kuchemsha, karanga na machungwa. Wiki ya kwanza nilirudi na nusu ya beseni. Nilipokata viazi vipande vidogo vya shilingi 100, nikaweka na kachumbari pembeni, vikaanza kwisha mapema. Ndizi mbivu bado zinanitia hasara, kwani zamu ya mchana inapofika zimeshalegea kwa joto. Kilichonisaidia zaidi ni kuruhusiwa kukaa ndani ya geti, kwenye kivuli, karibu na bomba, ambapo watoto wananawa kwanza.

Mzazi wa Mbagala

Mama yangu, nakushukuru sana. Hilo la kivuli na bomba hakuna aliyewahi kulitamka kikaoni. Jumamosi nitawaalika wauzaji wetu wanne wakae nasi mezani, na nitaomba kipindi cha darasa la nne kirudishwe. Mwalimu, huo mpira wa rede mnaufunga kwa soksi ngapi ili usifumuke?

Mwalimu wa michezo, Ilala

Tatu, na ndani jaza vitambaa badala ya karatasi. Karatasi ikilowa mpira umekwisha.